Kichwa cha habari nacho ni amana

 

Ndugu msomaji, Ijumaa hii napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi ya wazee wetu wataliona ni la watoto, na baadhi ya vijana wetu wataliona halihitaji fatwa. Nalo ni namna sisi Waislamu tunavyoyafanya maandishi yetu yaonekane na watu wengi katika mitandao ya kijamii, ili wavutike kuingia katika tovuti zetu: za madrasa, za misikiti, za darsa, za kukusanya sadaka, na hata za biashara zetu za halali.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vijana wanaoendesha tovuti ya darsa katika msikiti ninaoswali walinijia siku moja baada ya sala ya Isha wakaniambia kwamba methali hiyo imekufa. Walikuwa wameandika maelezo ya sura zote za Juzuu Amma, wameweka sauti za darsa za miaka kadhaa, wamepanga maswali ya fiqhi mlango kwa mlango. Kila siku waliweka kiungo katika ukurasa wao wa Facebook, na wanaokifungua hawakufikia hata idadi ya safu ya mbele ya sala ya Alfajiri. Wakati huohuo, mtu anayejinadi kuwa na dawa ya kumrudisha mume aliyetoroka alikuwa na maelfu ya wafuasi. "Sheikh," akasema mmoja wao, "chema chetu hakijiuzi. Turuhusu nasi tukitembeze."

Neno lile sikulipuuza, na hadi leo naamini lilikuwa na haki ndani yake. Anayedhani kwamba kila anachokiandika katika ukurasa wake huwafikia wote wanaoufuata ukurasa huo, hajui mambo yanavyokwenda. Mitandao hii ina kanuni za kompyuta, ziitwazo algoriti, ambazo huamua nani aone nini na nini kitangulie. Januari 2018, Facebook ilitangaza kwamba itayapa nafasi zaidi maandishi ya ndugu na marafiki yanayozua mazungumzo, na kuyapunguzia nafasi yale ya kurasa za taasisi na vyombo vya habari. Zaidi ya hayo, mwenye mtandao hapendi mgeni wake atoke nje. Kiungo ni mlango wa kutokea, na ripoti za kampuni hiyohiyo kuhusu Marekani zimeonesha katika miaka ya karibuni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya machapisho yanayotazamwa hayana kiungo cha kumpeleka mtu kwingine. Novemba 2024, mmiliki wa mtandao wa X, Elon Musk, aliwashauri waandishi waweke maelezo katika chapisho lenyewe na kiungo wakiweke katika jibu la chini yake. Kwa maneno mengine, anayetupia kiungo kitupu na kuondoka anafanana na muuzaji aliyeifunga bidhaa yake ndani ya gunia na kukaa kimya pembeni ya njia.

Basi je, ni dhambi kutafuta kuonekana? Hapana. Tuangalie adhana ilivyoanza. Abdullah bin Zaid (R.A.) ndiye aliyeoteshwa maneno yake, lakini Bwana Mtume (S.A.W.) alimwamuru amfundishe Bilal (R.A.), na Bilal ndiye aliyeadhini, kwa sababu sauti yake ilikuwa bora na yenye kufika zaidi. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Tena Abu Daud amepokea kutoka kwa mwanamke wa ukoo wa Banu Najjar kwamba nyumba yake ilikuwa ndefu kuliko zote zilizouzunguka msikiti, na Bilal alikuwa akipanda juu yake kuadhini Alfajiri. Zingatia hapo, ndugu yangu: ilichaguliwa sauti inayofika, na palichaguliwa mahali pa juu. Hakuna aliyesema kwamba haki ni haki hata ikisemwa chini ya mnazi, na atakayeisikia ataisikia.

Hapa kwetu pwani tunao mfano mwingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (Mwenyezi Mungu amrehemu) hakuridhika na darsa za msikitini pekee. Mwaka 1930 pale Mombasa alianzisha karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Alikitumia chombo cha zama zake. Laiti angekuwapo leo, sidhani kama angewalaumu vijana kwa kujifunza saa ambazo watu hushika simu zao, au kwa kuchagua picha safi, au kwa kuandika mistari mitatu ya kwanza kwa ufasaha. Kuilipia kampuni ya mtandao ili chapisho liwafikie watu wa mji fulani nako ni ujira kwa manfaa inayojulikana, na asili yake ni halali endapo kinachotangazwa ni halali. Nitaongeza sharti moja tu, kwa sababu nimeliona likivunjwa: fedha zilizochangwa kwa ajili ya paa la madrasa haziwezi kulipia matangazo ya mtandaoni mpaka wenyewe waliochanga waulizwe. Kusema kwamba tangazo litaleta michango zaidi hakutoshi.

Hayo ndiyo niliyowaambia vijana wale, nao wakafurahi. Kisha likaja jambo ambalo kwa ajili yake naandika makala hii.

Palikuwa na darsa juu ya talaka inayotamkwa wakati wa hasira. Mwenye kutoa darsa, ambaye ni mimi, alieleza kwa urefu alivyopambanua Imam Ibnul Qayyim (Mwenyezi Mungu amrehemu) kwamba hasira zina daraja tatu. Ya kwanza ni ile ambayo mtu ameghadhibika lakini anajua anachosema na anakikusudia. Huyo talaka yake inapita. Ya pili ni ile iliyomfikisha mtu mahali asipojua anachotamka, kama mwenda wazimu. Huyo talaka yake haipiti. Ya tatu iko baina ya hizo mbili, nayo ndiyo wanachuoni waliyohitilafiana. Nikamalizia kwa kusema kwamba hakuna mume wala mke anayejihukumia mwenyewe katika jambo hili, bali waende kwa kadhi au kwa mwanachuoni anayeaminika, awaulize yaliyotokea neno kwa neno.

Vijana waliyaandika hayo yote kwa uaminifu katika tovuti. Lakini juu ya kiungo walitengeneza picha yenye maandishi makubwa meupe: TALAKA YA HASIRA HAIHESABIKI! Chini yake wakaweka jina langu, na maneno madogo ya kumtaka mtu afungue asome zaidi. Waliniletea niione kabla ya kuitoa. Niliitazama na nikasita kidogo, kisha nikasema: atakayefungua atakuta ufafanuzi. Nikaipitisha. Kwa hiyo simlaumu kijana yeyote.

Watu waliingia katika tovuti ile kwa wingi ambao haijapata kuuona kabla yake. Vijana walinipigia simu usiku wakishukuru. Miezi kadhaa baadaye akaja nyumbani mwanamke mmoja wa mtaa wa jirani pamoja na dada yake. Mumewe alikuwa amemtamkia talaka ya tatu. Kesho yake mume aliletewa ile picha katika kundi la WhatsApp. Ilikuwa picha peke yake, bila kiungo, kwa sababu mtu aliikata akaisambaza hivyohivyo. Wakaisoma pamoja, wakafurahi, wakaendelea kuishi kama mume na mke. Sasa shemeji yake ametia shaka, na yeye amekuja kuuliza. Nikamuuliza kama mume anayakumbuka maneno aliyoyasema siku ile. Akasema anayakumbuka yote, na sababu yake anaikumbuka, na hata saa anaikumbuka. Nilipoanza kumweleza zile daraja tatu, alinitazama akasema: "Lakini Sheikh, si nyinyi wenyewe mlioandika kwamba haihesabiki?"

Shauri lao lilipelekwa kwa kadhi, nami sina haki ya kulisimulia zaidi ya hapo.

Tangu siku ile kuna hadithi moja ambayo nikiisoma huniuma. Amesimulia Abu Huraira (R.A.), na ameipokea Imam Muslim, kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye chakula ni nini hiki. Yule akajibu kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kwa nini basi hakukiweka juu ili watu wakione, na akaeleza kwamba mwenye kudanganya si katika watu wake.

Mara nyingi tukiisoma hadithi hii tunawafikiria wauza nyanya wanaopanga nyekundu juu na zilizooza chini. Lakini muuzaji yule hakusema neno lolote la uongo. Uongo wake ulikuwa katika mpangilio: kilicho juu hakikuwa sawa na kilicho chini. Na kichwa cha habari ni nini kama si sehemu ya juu ya lundo? Wataalamu wa tovuti watakwambia kwamba tangu mwaka 2010, ulipotangazwa utaratibu wa Open Graph wa Facebook, mwenye tovuti anaweza kuamua picha gani na maneno gani yatokee pale kiungo kinapowekwa mtandaoni, na maneno hayo si lazima yawe sawa na yaliyo juu ya makala yenyewe. Yaani ameruhusiwa kuwa na bao moja mlangoni na lingine ndani. Hapo ndipo penye mtihani. Nilipowaambia vijana kwamba atakayefungua atakuta ufafanuzi, nilikuwa nimesema maneno ya muuzaji yule: anayetaka kuona unyevu na aingize mkono. Na walio wengi hawaingizi mkono. Wanasoma juu, wanasambaza, wanaendelea na safari yao.

Huenda msomaji akauliza: kwani kichwa cha habari cha kweli hakivuti? Huvuta, lakini hakivuti kama cha uongo au cha kuchochea, na hili si dhana tu. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa katika Twitter kati ya 2006 na 2017. Walikuta kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa uliozidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na kwamba wasambazaji wakubwa walikuwa binadamu kama mimi na wewe wala si mashine. Oktoba 2021 zilifichuka nyaraka za ndani za Facebook zikionesha kwamba kuanzia mwaka 2017 kanuni zake zilizihesabu alama za hisia, ikiwemo ile ya uso wa hasira, kuwa na uzito mara tano ya laiki ya kawaida. Uzito wa hasira uliondolewa kabisa Septemba 2020. Hebu fikiri, ndugu Muislamu. Mtume wetu (S.A.W.) aliombwa wasia na mtu mmoja, naye akamkataza kukasirika, akakariri hivyo kila alipoombwa tena, kama alivyopokea Bukhari. Na kwa takriban miaka mitatu palikuwa na mizani duniani ambayo hasira yako ilikuwa na thamani kubwa kuliko ridhaa yako. Mwenye kutaka kuonekana kwa gharama yoyote alijua afanye nini, na baadhi ya waliofanya hivyo walikuwa wahubiri, wa dini yetu na wa dini za wenzetu.

Tabia hii haikuletwa na simu. Wasomaji wa umri wangu watazikumbuka zile karatasi za "Wasia wa Sheikh Ahmad", mtunza kaburi la Mtume, zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono misikitini na mashuleni. Zilidai kwamba amemuota Mtume (S.A.W.), kisha zikamtaka msomaji azitoe nakala na kuzigawa: atakayefanya hivyo atapata riziki, na atakayepuuza atafikwa na msiba. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilizinakili kwa mkono kwa sababu sikuwa na fedha za fotokopi, na niliogopa. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia hadi alipofariki mwaka 1999, aliandika risala nzima kubainisha kwamba wasia ule ni uzushi mtupu. Karatasi zimepungua, lakini mwenzake yuko hai katika simu zetu: "Andika Amin kama unampenda Mtume," "Shetani atakuzuia usisambaze ujumbe huu," "Watumie watu kumi kabla ya Magharibi utasikia habari njema."

Wanaoandika hivi wanajua wanachokitafuta. Kila "Amin" inayoandikwa ni hesabu, na kila hesabu hulinyanyua chapisho likaonwa na wengine, na miongoni mwao wapo watakaobofya kiungo kilicho chini. Mapenzi ya Mtume yamefanywa kamba ya kuvutia ndoo. La kutahayarisha ni kwamba Desemba 2017 Facebook, kampuni ya biashara isiyo na sala wala saumu, ilitangaza kwamba itayashusha machapisho yanayowaomba watu laiki, maoni au kusambaza kwa hila. Wao waliona ni uchafu katika soko lao. Sisi bado tunaandika Amin.

Wapo watakaosema: nia yetu ni njema, tunawavuta watu waje kwenye kheri. Hoja hii nayo ni kongwe. Wanachuoni wa hadithi wamemtaja Nuh bin Abi Maryam, mtu wa karne ya pili ya Hijria aliyekuwa na elimu nyingi, kwamba alipoulizwa amezipata wapi hadithi za fadhila za kila sura ya Qur'ani, alijibu kuwa aliwaona watu wameiacha Qur'ani wakashughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na visa vya vita vya Ibn Ishaq, hivyo akazitunga ili kuwarudisha. Aliwatakia watu kheri, na jina lake limebaki katika vitabu miongoni mwa waongo. Imam Ibnul Jauzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi wa visa waliokuwa wakikusanya umati misikitini na njiani. Anayekisoma leo atadhani kimeandikwa juu ya wenye kurasa za mitandaoni, isipokuwa wale walilazimika kupaza sauti na hawa wanatumia betri.

Jambo jingine ni la kununua wafuasi na laiki. Vijana wale waliletewa bei na mtu aliyewaahidi maelfu ya wafuasi kwa siku tatu, kwa fedha isiyozidi ya mchele wa futari ya siku moja. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akiona ukurasa una wafuasi wengi atauamini. Hili halihitaji ijtihadi mpya. Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza najash, kama alivyosimulia Ibn Umar (R.A.) katika Bukhari na Muslim, nayo ni mtu kupandisha bei ya bidhaa mnadani hali hakusudii kuinunua, ili aliye na haja nayo adanganyike kuwa ina thamani hiyo. Mfuasi wa kununuliwa ni mnunuzi wa uongo katika mnada. Hata serikali ya Marekani kupitia tume yake ya biashara ilipitisha kanuni Agosti 2024 ya kuwapiga marufuku wanaouza na wanaonunua wafuasi wa bandia kwa ajili ya biashara. Vijana walikataa, nami nawashukuru, maana siku hiyo sikuwapo kuwashauri.

Juu ya picha za mayatima na wagonjwa nitasema machache, ingawa linastahiki makala yake peke yake. Picha ya mtoto anayelia huvuta macho kuliko picha ya madawati mapya; hilo kila mwenye kukusanya sadaka amekwisha kulijua. Qur'ani, katika aya ya 264 ya Suratul Baqara, imetukataza tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Sasa fikiria mtoto wa miaka saba aliyepigwa picha amevaa shati lililochanika, akabandikwa juu ya kiungo cha kuchangia. Atakapofika miaka kumi na saba picha ile bado ipo, na wenzake wa shule wataipata. Huyo amesimangwa na watu asiowajua, kila siku, kwa sahani ya wali. Wapigeni picha mayatima wakisoma, au pigeni picha ya kisima, au ya risiti ya mabati. Kama michango itapungua, basi na ipungue.

Turudi kwenye ile picha ya talaka, maana hapo ndipo tuliponyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyostahiki. Jambo la kwanza vijana walilotaka kulifanya ni kuifuta. Nikawaambia kufuta hakutoshi. Katika Suratul Baqara, aya ya 159 na ya 160, Mwenyezi Mungu amewataja kwa laana wanaoyaficha mafundisho aliyoyabainisha, kisha akawatoa wale waliotubu, wakatengeneza walichoharibu, na wakabainisha. Ni mambo matatu, na hilo la tatu ndilo gumu. Abu Daud amepokea kwamba Bilal (R.A.) aliwahi kuadhini kabla ya Alfajiri kuingia, na Bwana Mtume (S.A.W.) akamwamuru arudi atangaze kwamba mja alikuwa amelala. Wanachuoni wa hadithi wana maneno juu ya sanadi yake, lakini maana yake ina uzito kwangu: aliyeikosea saa kwa sauti ya kufika mbali, airekebishe kwa sauti hiyohiyo, kutoka mahali palepale.

Basi tulitengeneza picha nyingine, ya ukubwa uleule na herufi zilezile, yenye maneno haya: TULIKOSEA. TALAKA YA HASIRA HUENDA IKAHESABIKA. MUONE KADHI. Tukaandika chini yake daraja zote tatu kwa ufupi ndani ya chapisho lenyewe, ili hata asiyefungua kiungo apate kilicho cha lazima. Vijana wakalipia tangazo kwa fedha za mifukoni mwao. Na tangu hapo tumekubaliana kwamba hakuna kichwa kitakachotoka kabla hakijasomwa na mtu mmoja ambaye hakuisoma makala, naye aulizwe ameelewa nini. Akielewa kinyume cha yaliyo ndani, kichwa kinaandikwa upya. Tovuti sasa ina wageni wachache kuliko miezi ile, ingawa si wachache kama mwanzo. Wanaokuja hukaa, na maswali wanayouliza yanaonesha kwamba wamesoma.

Picha ya pili haikwenda hata robo ya masafa ya ile ya kwanza. Ramadhani iliyopita, mtoto wa kaka yangu anayefanya kazi Muscat aliniletea ujumbe katika WhatsApp. Ilikuwa ni ile picha ya kwanza, jina langu likiwa limefifia kwa kukatwa na kukuzwa mara nyingi, na juu yake ile alama ya mishale miwili ambayo mtandao huo huiweka kwenye ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutumwa isipokuwa kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja; hata hivyo ulikuwa umefika Oman. Chini yake aliandika: "Shikamoo Ami. Haya maneno ni yako kweli? Kuna rafiki yangu hapa anataka kuyafanyia kazi." Nikampigia simu saa ileile, kabla ya kufuturu, nikamwambia ampe simu huyo rafiki yake.